Kusikia na Kutii: Habari za Antonio wa Misri na Augustino wa Hippo

Kila siku ya Bwana Maandiko husomwa makanisani, na watu wote husikia maneno yale yale kwa kinywa cha msomaji mmoja. Walakini mmoja hutoka amegeuka, na mwenzake aliyeketi naye ubao mmoja hurudi nyumbani kama alivyokuja. Jambo hili limewafikirisha waalimu wa Kanisa tangu zamani. Mtu husikiaje sauti ya Mungu hata moyo wake ukageuzwa? Je, imempasa kungojea ndoto, au ishara, au sauti itokayo juu?

Wasomaji wapenzi, swali hili halijibiwi vema kwa maneno matupu, bali kwa habari za watu waliolipitia. Kwa hiyo nimeona vema niwasimulie habari za watu wawili wa kale, wote wawili wazaliwa wa bara letu la Afrika. Wa kwanza hakujua kusoma. Wa pili alikuwa mwalimu mkubwa wa elimu ya wakati wake. Hawakuonana kamwe, maana wa kwanza alipofariki, wa pili alikuwa mtoto wa mwaka mmoja tu. Lakini kusikia kwa yule wa kwanza ndiko kulikomsaidia wa pili kusikia, kama mtakavyoona.

Kijana aliyesikia Injili

Antonio alizaliwa katika nchi ya Misri yapata mwaka 251, siku za dola ya Rumi. Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali. Mashamba yao yalikuwa kiasi cha eka 200, tena ya rutuba. Katika utoto wake hakupenda kwenda chuoni pamoja na watoto wengine. Bali alifuatana na wazazi wake kanisani, akatega sikio kwa yale yaliyosomwa, akayaweka moyoni. Hata alipopata umri wa miaka 18 au 20, wazazi wake wakafariki, naye akaachwa na umbu lake mdogo, na mambo yote ya nyumba yakawa mikononi mwake.

Haikupita miezi sita baada ya msiba ule. Siku moja alikuwa akienda kanisani kama ilivyokuwa desturi yake, na njiani akawaza jinsi mitume walivyoacha vyote wakamfuata Mwokozi, na jinsi waumini wa kwanza walivyouza mali zao ili wahitaji wagawiwe. Akiwa katika mawazo hayo akaingia kanisani, na saa ile ile Injili ilikuwa ikisomwa, habari ya yule kijana tajiri aliyeagizwa na Bwana auze alivyo navyo, awape maskini, kisha aje amfuate, kama ilivyo katika Mathayo mlango wa 19. Antonio akayapokea maneno hayo kana kwamba yamesomwa kwa ajili yake peke yake. Akatoka mara, akawapa watu wa kijiji chake yale mashamba, akauza vyombo vyake, akawagawia maskini fedha, akabakiza kidogo tu kwa ajili ya umbu lake.

Siku nyingine akaingia tena kanisani, akasikia Bwana akiwakataza wanafunzi wasisumbukie kesho. Hakuweza kungoja zaidi. Akatoa hata kile alichokibakiza, na umbu lake akamweka chini ya malezi ya wanawali waaminifu aliowajua. Wala hakumsahau. Miaka mingi baadaye, Antonio alipokuwa mzee, alimwona tena, naye amekuwa mkuu wa wanawali wengine, akafurahi mno.

Ndugu zangu, tuyatazame mambo haya kwa makini. Maneno yaliyosomwa siku ile hayakuwa mapya. Bila shaka yalikwisha somwa mara nyingi katika kanisa lile, na Antonio mwenyewe yamkini alikwisha kuyasikia utotoni. Wala hapakuwa na muujiza wo wote. Msomaji alisoma sehemu ya siku ile, basi. Lakini Antonio alianza kusikia kabla hajafika mlangoni, maana njia nzima alikuwa akiyawaza mambo ya Bwana. Moyo wake ulikuwa kama shamba lililokwisha limwa, likingojea mbegu. Na alipokwisha kusikia hakuahirisha, alitoka, akatenda.

Miaka ya kujifunza

Wengine hudhani kwamba Antonio alipotoa mali yake alikuwa amekwisha kamilika. Sivyo. Siku ile alianza tu. Wakati ule hapakuwa bado na nyumba nyingi za watawa katika Misri. Kila aliyetaka kujizoeza utauwa aliishi peke yake karibu na kijiji chake. Katika kijiji cha jirani alikuwako mzee mmoja aliyeishi hivyo tangu ujana wake, na Antonio akamfuata ili ajifunze. Na kila aliposikia habari za mtu mwema alikwenda kumtafuta, wala harudi mpaka amepata kitu kwake. Kwa huyu alijifunza upole, kwa yule kusali, kwa mwingine kukesha, kwa mwingine kutokuwa na hasira. Alifanya kazi kwa mikono yake, maana alikwisha sikia agizo la Mtume juu ya asiyetaka kufanya kazi. Na ujira wake akanunulia mkate, sehemu nyingine akawapa maskini. Na kwa kuwa hakutumia vitabu, alisikiliza kwa bidii sana Maandiko yaliposomwa, neno lo lote lisianguke chini, hata kumbukumbu yake ikawa ndiyo maktaba yake.

Baadaye akaenda mbali zaidi. Akakaa kwanza katika makaburi nje ya kijiji. Kisha, akiwa mwenye umri wa miaka 35 hivi, akavuka mto, akaingia katika ngome kuukuu iliyoachwa jangwani, akakaa humo peke yake karibu miaka 20. Marafiki walimletea mikate mara mbili kwa mwaka. Mwisho watu waliotaka kufundishwa naye wakaja wakauvunja mlango. Wakamwona akitoka ametulia, mwili wake haukukonda wala haukunenepa, wala hakufadhaika alipouona umati, wala hakujivuna kwa kusalimiwa na wengi. Tangu hapo watu wengi wakamfuata, na jangwa likaanza kukaliwa na watawa.

Wala mtu asiseme kwamba alikimbilia jangwani kwa kuwachukia wanadamu. Mwaka 311, mateso yalipowapata Wakristo wa Misri siku za mfalme Maximinus, Antonio aliondoka jangwani, akashuka Iskanderia, akawahudumia ndugu waliofungwa gerezani na waliohukumiwa kazi ya machimbo, akasimama mbele ya mahakama ili awatie moyo. Mateso yalipokwisha akarudi, akaenda ndani zaidi, kwenye mlima usio mbali na Bahari ya Shamu. Huko akalima bustani ndogo ili asiwataabishe watu kumletea chakula. Karibu na mlima ule nyumba ya watawa yenye jina lake ingaliko hata leo.

Jinsi alivyopima sauti

Watu walipomwendea Antonio walimwuliza jambo lile lile linaloulizwa sasa: mtu atajuaje ya kuwa anayoyasikia moyoni yametoka kwa Mungu? Jibu lake limehifadhiwa, nalo lafaa kujulikana katika kila kijiji.

Aliwafundisha kwamba ujio wa roho njema hauna kelele wala ghasia. Huja kwa utulivu, ukamtia mtu furaha na ushujaa, na mawazo yake yakapangika. Hata kama kwanza aliogopa, hofu ile huondolewa. Lakini ujio wa pepo wabaya una vishindo na machafuko. Nao humwacha mtu na huzuni, na kuwachukia wale wanaojitahidi katika wema, na hofu ya mauti, na tamaa mbaya, na ulegevu. Basi, mtu atazame ni nini kilichobaki moyoni baada ya ile sauti kupita.

Tena aliwaonya wasiutamani uwezo wa kutabiri. Alisema kwamba pepo wakitabiri kitu, wanafanya kama mtu aliyeona mvua nyingi katika nchi ya Ethiopia, naye ajua ya kwamba mvua ile ndiyo ijazayo mto wa Misri. Akapiga mbio, akawaambia Wamisri kwamba maji yaja, kabla hayajafika. Wajinga humstaajabia, kumbe ametangulia tu kuona. Akasema tena kwamba hakuna atakayehukumiwa kwa sababu hakuyajua mambo yatakayokuja. Kila mtu atahukumiwa kwa jinsi alivyoishika imani na kuzitunza amri. Watu wengi hata leo huenda kwa mwaguzi, au kwa yule ajiitaye nabii, ili waambiwe ya kesho. Antonio angewauliza: na amri uliyoisikia leo, je, umeitenda?

Hata mfalme mkuu Konstantino alimwandikia barua, yeye na wanawe, wakimwita baba. Watawa wakastaajabu sana. Antonio akawaambia wasistaajabu kwa kuwa mfalme ameandika, maana mfalme ni mtu tu. Bali wastaajabu kwamba Mungu amewaandikia wanadamu sheria, na amesema nasi kwa kinywa cha Mwanawe. Mzee huyu alifariki mwaka 356. Yasemekana umri wake ulikuwa miaka 105. Aliagiza wanafunzi wake wamzike mahali pasipojulikana, watu wasije wakauheshimu mwili wake kupita kiasi.

Kitabu chasafiri

Baada ya kufa kwake Antonio, Athanasio, askofu wa Iskanderia, aliyekuwa akimjua, akaandika habari za maisha yake kwa Kiyunani. Muda si mrefu kitabu kile kikafasiriwa kwa Kilatini, kikaenea katika nchi za magharibi, kikavuka bahari, kikafika hata mji wa Trier, karibu na mto Moselle, katika nchi iitwayo sasa Ujerumani. Ndivyo mtu asiyeshika kalamu alivyokwenda mbali kwa kalamu ya mwingine.

Mwalimu asiyeweza kujiamuru

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao sasa waitwa Souk Ahras, katika nchi ya Aljeria. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo wa kweli. Baba yake, Patricius, alibatizwa karibu na kufa kwake. Wazazi hawakuwa matajiri, lakini walijikaza wampeleke mtoto wao shuleni, kwanza Madauros, kisha Kartago. Alikuwa na akili nyingi, akawa mwalimu wa ufasaha wa kusema, elimu iliyowafungulia vijana wa siku zile mlango wa vyeo vikubwa.

Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kimsifucho mtu atafutaye hekima, na moyo wake ukawaka. Akayajaribu na Maandiko Matakatifu. Lakini aliyaona maneno yake ni ya kawaida mno, hayana fahari ya Cicero, akayaacha. Kiburi cha elimu kiliziba masikio yake. Kisha akafuata dhehebu la Wamani, akakaa nao miaka tisa hivi. Na tangu ujana aliishi na mwanamke mmoja bila ndoa, akazaa naye mtoto, jina lake Adeodatus. Katika siku zile alikuwa akimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, walakini moyoni akiomba usije upesi.

Mwaka 383 alihamia Rumi, na mwaka 384 akapata kazi kubwa ya kufundisha Milano, mji wa Italia alimokaa mfalme. Huko akamsikia Ambrosio, askofu wa mji. Mara ya kwanza alikwenda kupima tu ufasaha wake. Lakini pamoja na maneno aliyoyapenda, yakaingia na mambo aliyoyapuuza. Jambo moja la askofu huyu lilimshangaza. Wakati ule watu wengi walizoea kusoma kwa sauti hata walipokuwa peke yao. Lakini Ambrosio aliposoma, macho yake yalipita juu ya kurasa, na moyo wake ukitafuta maana, bali sauti na ulimi vilinyamaza. Augustino na wenzake walikuja wakaketi, wakamtazama kimya, kisha wakaenda zao, maana hawakuthubutu kumkatiza.

Hata mwaka 386 mashaka ya akili yake yalikuwa yamekwisha karibu yote. Alijua ya kuwa Injili ni kweli. Lakini hakuweza kutenda. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba aliuamuru mkono wake ukatii mara moja, lakini alipouamuru moyo wake utake, haukutii. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa usingizini, naye ajibu kwamba anaamka, na bado amelala. Hapa ndipo wengi wetu tunaposimama. Hatukosi ujuzi; tunayajua yatupasayo, na bado twasema, Kesho.

Bustani ya Milano

Siku moja, katika mwezi wa Agosti mwaka ule, akaja nyumbani kwake mgeni, Ponticianus, Mwafrika mwenzake aliyekuwa na cheo katika nyumba ya mfalme. Akaona kitabu juu ya meza, akakifungua akidhani ni kitabu cha kazi ya ualimu, kumbe ni nyaraka za Mtume Paulo. Akafurahi, maana yeye alikuwa Mkristo. Akaanza kumsimulia Augustino na rafiki yake Alipio habari za Antonio wa Misri. Wakastaajabu, kwa maana hawakupata kamwe kumsikia, ijapokuwa ni mambo ya juzi tu. Kisha akawaeleza jinsi rafiki zake wawili, maofisa wa mfalme, walipokuwa wakitembea nje ya mji wa Trier, waliingia katika nyumba ndogo ya watumishi wa Mungu wakakuta kitabu kile cha maisha ya Antonio. Mmoja akaanza kusoma, na akiwa katika kusoma akageuka, akaazimia kuacha kazi ya mfalme amtumikie Mungu saa ile ile. Na mwenzake akafuatana naye.

Ponticianus alipokwisha kwenda, Augustino akamgeukia Alipio akiwa amefadhaika, akalalamika kwamba watu wasio na elimu wanainuka na kuuteka ufalme wa mbinguni, na wao wawili pamoja na elimu yao wangali wakigaagaa. Akatoka akaenda bustanini, na Alipio akamfuata. Vita vya moyo vikawa vikali. Mwisho akaondoka karibu na rafiki yake, akajitupa chini ya mtini, akalia, akiuliza ni mpaka lini atasema kesho na kesho.

Akiwa katika kulia akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti ya mtoto, wa kiume au wa kike hakujua, ikirudia-rudia kama wimbo kwamba achukue asome. Akatafakari kama kuna mchezo wa watoto wenye maneno hayo, asikumbuke hata mmoja. Ndipo akamkumbuka Antonio, jinsi alivyoingia kanisani akayapokea yaliyosomwa kama agizo lake mwenyewe. Akainuka, akarudi alipokuwa Alipio, maana hapo alikiacha kitabu cha Mtume. Akakifungua, akasoma kimya fungu la kwanza macho yake yalipoangukia. Lilikuwa katika Waraka kwa Warumi, mwisho wa mlango wa 13, ambapo Mtume anawaonya watu waache ulevi na ufisadi na ugomvi, wamvae Bwana Yesu Kristo, wala wasiutengenezee mwili njia ya tamaa zake. Hakutaka kusoma zaidi. Mashaka yakatoweka kama giza mbele ya taa. Alipio naye akaomba aonyeshwe, akasoma maneno yafuatayo, yahusuyo kumpokea aliye dhaifu wa imani, akasema hilo ni lake. Wakaingia ndani kumwambia Monika, aliyekuwa amemwombea mwanawe kwa machozi miaka mingi.

Tuangalie jinsi mnyororo huu ulivyofungamana. Msomaji asiyejulikana jina alisoma Injili katika kijiji cha Misri; Antonio akatii; Athanasio akaandika; mwingine akafasiri; mgeni akasimulia; mtoto wa jirani akaimba asijue; na mtu mmoja akageuka. Tena hata sauti ya mtoto haikumfunulia Augustino neno jipya. Ilimpeleka kwenye kitabu kilichokuwa mezani pake siku nyingi.

Yaliyofuata

Augustino akaacha kazi yake ya ualimu, akabatizwa na Ambrosio usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 24 kuamkia 25 Aprili 387, pamoja na mwanawe na Alipio. Mwaka ule ule, wakiwa njiani kurudi Afrika, yeye na mama yake walisimama dirishani katika nyumba moja huko Ostia, bandari ya Rumi, wakaongea juu ya uzima wa milele. Wakasema kwamba kama makelele ya mwili yangenyamaza ndani ya mtu, na nchi na maji na mbingu vinyamaze, hata roho yenyewe inyamaze isijifikirie, hapo mtu angemsikia Mungu mwenyewe, si kwa kinywa cha kiumbe. Siku chache baadaye Monika aliugua, akafariki, mwenye umri wa miaka 56. Augustino akarudi Afrika mwaka 388. Mwaka 391 watu wa Hippo, mji uitwao sasa Annaba, wakamshika kanisani wakataka awe kasisi, naye akalia. Tena akamwandikia askofu wake akiomba nafasi ya kuyasoma Maandiko kwanza, maana aliona hajui bado ya kutosha kuwalisha wengine. Miaka michache baadaye akawa askofu.

Lakini, ndugu zangu, tusiisimulie habari hii kana kwamba mambo yote yalinyoka siku moja. Yule mwanamke aliyeishi naye miaka 14 hivi, aliyemzalia mwana, alikuwa amerudishwa Afrika mwaka 385 ili Augustino atafutiwe mke wa heshima zaidi. Aliondoka akiweka nadhiri ya kutomjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto. Augustino aliandika kwamba moyo wake uliumia ukatoka damu. Walakini jina la mwanamke yule hakuliandika, nasi hatulijui mpaka leo. Kugeuka kwetu hakufuti machozi tuliyowaliza wengine, nao hawana budi kukumbukwa katika toba yetu.

Tena katika kitabu chake cha Maungamo, alichoanza kukiandika yapata mwaka 397, hakueleza dhambi za ujana tu. Alieleza pia jinsi yeye, askofu, bado anapambana na ndoto mbaya, na ulafi, na kupenda kusifiwa. Wala kupambana kwake hakukumwepusha na kila kosa. Kanisa la Afrika lilikuwa limegawanyika tangu mateso ya zamani, na wale waliojitenga waliitwa Wadonati. Kwanza Augustino alisema washindwe kwa hoja tu. Lakini baada ya mwaka 405 alikubali watumiwe nguvu za serikali, akitumia mfano wa karamu katika Injili ya Luka ili kuwatetea watawala. Wakristo wengi tangu hapo wamesikitika kwa fundisho hilo, maana wengine walilishika wakawatesa watu. Basi, aliyesikia vema jana anaweza kusikia vibaya leo, asipoendelea kunyenyekea.

Mwaka 430 Wavandali waliuzunguka mji wa Hippo kwa vita, na Augustino, mwenye umri wa miaka 75, akashikwa na homa. Possidius, rafiki yake aliyekuwapo, atuambia kwamba aliagiza Zaburi za toba ziandikwe zibandikwe ukutani, naye akazisoma kutoka kitandani, akilia. Aliomba watu wasiingie kwake ila saa ya mganga au ya chakula, apate kusali. Akafariki tarehe 28 Agosti. Hakuandika wosia, maana hakuwa na mali ya kurithisha, ila alisisitiza vitabu vya kanisa vitunzwe.

Mafundisho kwetu

Kwanza, twaona kwamba asiyejua kusoma na mwenye elimu wote wawili walisikia kwa njia moja, kwa Maandiko. Basi asiyesoma asijidharau, na asomaye asijivune. Mwenye kitabu nyumbani amsomee jirani yake asiyejua, tena asome polepole, kwa maana hajui ni nani atakayekuwa Antonio.

Pili, kimya chatakiwa. Nyumba zetu zina shughuli nyingi, na simu na redio zimeongeza sauti juu ya sauti. Hatuwezi wote kukaa jangwani miaka 20, wala hatukuagizwa. Lakini hata mama mwenye watoto, na mkulima mwenye jembe, aweza kupata nafasi ndogo kabla hakujapambazuka, asome fungu moja kimya kama Ambrosio, kisha anyamaze, asiharakishe kumwambia Mungu haja zake.

Tatu, kila sauti ipimwe. Kama jambo lililokujia moyoni lakutia kuwachukia ndugu zako, au kujiona mkuu, au kuitupa kazi yako na watu wa nyumba yako, liache. Antonio alitoa mali yake, lakini umbu lake alimpatia malezi.

Mwisho, kusikia kusikotendwa huoza kama mana iliyolazwa. Fungu ulilosoma leo, lina jambo gani la kutenda leo? Labda ni deni la kulipa, au jirani wa kupatanishwa naye, au mtu uliyemdhulumu ambaye wengine wamekwisha kumsahau. Anza na hilo, jua lisichwe. Na kesho usome tena.